Johnnetta Cole, mkuu wa chuo aliyejua kuomba

Katika orodha ndefu ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, vya wanawake vimebaki viwili tu: Spelman, kule Atlanta, na Bennett, kule Greensboro, North Carolina. Aliyewahi kuviongoza vyote viwili ni mtu mmoja, Johnnetta Betsch Cole. Akiwa na miaka 72, umri ambao kwetu mtu huwa amekwisha kukabidhi funguo za ofisi na kurudi kwenye minazi yake, akakubali kazi nyingine: kuongoza Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Afrika, ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani, mjini Washington. Akakaa huko miaka minane.

Nimemfuatilia mama huyu muda mrefu. Napenda makumbusho, mimi ni mtu wa pwani, na katika maisha yake kuna jambo ambalo waandishi wengi wa wasifu hulipitia juu juu. Wanamtaja kama mwanamke wa kwanza hapa, Mweusi wa kwanza pale, na ni kweli. Lakini kila alipokwenda, kazi iliyomla muda ilikuwa kutafuta pesa. Aliifanya kwa kipaji ambacho wachache wamejaliwa. Mkono uliompa kwa ukarimu zaidi ndio uliokuja kumtia kwenye mtihani mkubwa kuliko yote, na hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, kwa sababu sisi huku nasi tunaishi kwa mikono ya wafadhili.

Alizaliwa Jacksonville, Florida, mwaka 1936, na pesa hazikuwa kitu kigeni nyumbani kwao. Baba wa babu yake, Abraham Lincoln Lewis, alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya bima ya Afro-American mwaka 1901, wakati kampuni za Wazungu hazikuwa tayari kumhudumia Mweusi kwa haki. Mwaka 1935 kampuni hiyohiyo ilinunua ardhi kwenye kisiwa cha Amelia na kufungua American Beach, ili Weusi waliofukuzwa kwenye fukwe nyingine wapate mahali pa kuogelea na kupumzika bila kudhalilishwa. Dada yake, MaVynee Betsch, aliacha uimbaji wa opera Ulaya, akarudi kuilinda pwani hiyo hadi alipofariki mwaka 2005. Alikuwa amegawa karibu kila alichorithi kwa ajili ya mazingira. Familia ya namna hii hukufundisha mapema kwamba mali ina kazi ya kufanya.

Aliingia Chuo Kikuu cha Fisk akiwa na miaka 15, kisha akahamia Oberlin akitaka kuwa daktari wa watoto. Huko Oberlin akasoma kozi moja iliyogusa tamaduni za watu wenye asili ya Afrika, na udaktari ukaishia hapo. Aliporudi nyumbani na kumwambia babu yake kwamba atakuwa mwanaanthropolojia, mzee alicheka. Kitu gani hicho, na mtu anakula nini kwa kazi hiyo? Binti alilia. Mama yake ndiye aliyemshika mkono na kumwambia afuate anachokipenda, asije akaishi maisha ya majuto.

Akafuata. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern alisoma chini ya Melville Herskovits, yule aliyeshikilia kwamba watu waliovushwa bahari kwa minyororo hawakufika mikono mitupu, walivuka na utamaduni wao. Kati ya 1960 na 1962 aliishi Liberia akifanya utafiti, na tasnifu yake ilihusu kazi za jadi na kazi za mshahara katika nchi hiyo. Nasisitiza kipande hiki kwa sababu mtu aliyejifunza kuketi kwenye baraza la watu asiowajua, akasikiliza kabla ya kusema, ana silaha ambayo wakuu wengi wa vyuo hawana. Baadaye alifundisha Washington State, ambako alisaidia kuanzisha masomo ya Weusi, kisha Massachusetts, kule Amherst, kwa zaidi ya miaka kumi, kisha Hunter, jijini New York.

Ili kuelewa uzito wa mwaka 1987, Cole alipopewa uongozi wa Spelman, lazima turudi nyuma kidogo. Spelman ilianzishwa mwaka 1881 na wanawake wawili Wazungu, Sophia Packard na Harriet Giles, katika chumba cha chini cha kanisa la Friendship Baptist, Atlanta. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanawake waliotoka utumwani, wengine watu wazima waliotaka kujisomea Biblia wenyewe. Jina la sasa lilitokana na familia ya mke wa tajiri wa mafuta John D. Rockefeller, Laura Spelman. Kwa hiyo tangu 1884, miaka mitatu tu baada ya kuanzishwa, chuo kilibeba jina la mfadhili. Wakuu wanne wa kwanza walikuwa wanawake Wazungu, kisha wakaja wanaume wawili Weusi. Mwanamke Mweusi, yule ambaye chuo kilijengwa kwa ajili yake, hakuwahi kukalia kiti hicho.

Wanafunzi walichoka kungoja. Aprili 1976 bodi ya wadhamini ilipomchagua Donald Stewart, wanafunzi waliufunga mlango wa chumba cha mkutano, wadhamini wakiwa ndani. Waliwashikilia humo kwa karibu saa 26. Stewart aliingia kazini hata hivyo, na kwa haki tuseme aliongoza vizuri kwa miaka kumi. Lakini mlango ule uliofungwa ulikuwa umekwisha kusema. Alipoondoka, hakuna mdhamini aliyeweza kujifanya hajui wanafunzi wanataka nini. Cole akawa mkuu wa saba.

Walimwita Dada Rais, naye akalipokea jina hilo kwa moyo mkunjufu. Aliendelea kuingia darasani kufundisha, alianzisha ofisi ya kuwaunganisha wanafunzi na mitaa ya maskini iliyozunguka chuo, na alizungumza na wasichana wale kama shangazi anayewatarajia makubwa. Halafu alikwenda kuomba.

Novemba 1988, katika shamrashamra za kumsimika rasmi, Bill Cosby na mkewe Camille walitangaza kwamba wanakipa chuo dola milioni 20. Wakati huo hakuna mtu binafsi aliyewahi kutoa kiasi kama hicho kwa chuo cha Weusi. Fikiria ukumbi ule. Huyu alikuwa mwigizaji maarufu kuliko wote kwenye televisheni ya Marekani, Mweusi, anawatolea Weusi wenzake. Mwaka 1992 ukafuata mfuko wa dola milioni 37 kutoka kwa mali ya waanzilishi wa jarida la Reader's Digest. Kampeni yake ya kuchangisha ilipofungwa, ilikuwa imekusanya dola milioni 113.8. Mwaka 1996 lilifunguliwa jengo lenye jina la Camille Cosby, na ndani yake makumbusho ya sanaa ya chuo, yanayojishughulisha na kazi za wanawake wenye asili ya Afrika na kazi zinazowahusu. Miaka yote hiyo kabla ya Washington, tayari alikuwa anajenga nyumba ya sanaa.

Msomaji wa Kenya anaijua hali hii. Shule zetu nyingi zilisimama kwa harambee: mgeni rasmi anafika, anasimama, anataja kiasi, akina mama wanapiga vigelegele, na muhula ujao jina lake limepakwa rangi juu ya mlango wa darasa. Nimesoma katika darasa kama hilo. Bila mtu yule tungesomea chini ya mwembe, na shukrani yetu ilikuwa ya kweli. Ila hakuna aliyewahi kutuambia kwamba jina lililoko ukutani hubaki hata mwenye jina akibadilika machoni pa watu.

Mwishoni mwa 1992 Bill Clinton, rais mteule, alimpa Cole jukumu katika timu yake ya kupokea madaraka, upande wa elimu, kazi, sanaa na utamaduni. Watu wakaanza kumtaja kwa uwaziri wa elimu. Gazeti moja la Kiyahudi la New York likachimbua uhusiano wake wa zamani na makundi yaliyoiunga mkono Cuba, kelele zikapanda, na wizara ikaenda kwa Richard Riley. Sipendi kulikuza tukio hili. Naona tu kwamba chuo hakikumtupa, wala yeye hakukitupa. Aliendelea hadi 1997.

Kama ungeniuliza kazi yake ipi naiheshimu zaidi, nisingeitaja Spelman. Ningesema Bennett.

Spelman aliipokea ikiwa imara. Bennett mwaka 2002 ilikuwa hoi: madeni, wanafunzi takriban 500, na bodi ya ithibati ya vyuo vya Kusini ilikuwa imekiweka chuo chini ya uangalizi kwa sababu ya fedha. Ukinyang'anywa ithibati Marekani, wanafunzi wako wanakosa mikopo na misaada ya serikali, na chuo kinakufa hata kama kuta bado zimesimama. Cole alikuwa amekwisha kuondoka Chuo Kikuu cha Emory, alikofundisha baada ya Spelman, na kustaafu. Hakuhitaji cheo wala jina. Alikwenda.

Bennett si chuo cha kuachwa kife hivi hivi. Mwaka 1958, ukumbi ulipokosekana Greensboro nzima kwa ajili ya Martin Luther King, mkuu wa Bennett wakati huo, Willa Player, alimfungulia mlango wa kanisa la chuo. Vijana wanne wa kiume wa chuo jirani walipoketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, iliyokuwa ya Wazungu tu, tarehe 1 Februari 1960 wakidai kuhudumiwa, wasichana wa Bennett walikuwa wamekwisha kushiriki katika kuupanga mgomo huo, na siku zilizofuata walijaa kwenye viti vile na kwenye seli za polisi. Picha maarufu ni ya wale vijana wanne. Historia ya Bennett imebaki kwenye kumbukumbu za wanawake wenyewe.

Kwa miaka mitano Cole alibisha hodi. Dola milioni 50 zilikusanywa, uangalizi wa bodi ya ithibati ukaondolewa, na majengo yakaanza kukarabatiwa. Nachopenda zaidi ni kwamba katikati ya dhiki ile alifungua jumba la sanaa hapo chuoni. Mhasibu yeyote angemwambia hilo lingoje. Yeye aliona msichana anayesomea mahali palipokata tamaa anahitaji kupita mbele ya mchoro mzuri akielekea darasani, tena leo, si siku madeni yatakapokwisha.

Nitasema na upande wa pili, kwa sababu sipendi wasifu wa sifa tupu. Alipoondoka 2007, ugonjwa ulirudi taratibu. Mwishoni mwa 2018 bodi ileile iliamua kukiondolea chuo ithibati, tena kwa sababu ya fedha. Wahitimu na marafiki wakachanga zaidi ya dola milioni 8 katika wiki chache, na bado Februari 2019 uamuzi ukashikiliwa, kesi ikaenda mahakamani. Sidhani hilo linafuta alichofanya. Linaonyesha kwamba kipaji cha kiongozi mmoja kinaweza kununua miaka kwa taasisi, lakini hakiwezi kuwa mfuko wake wa akiba. Chuo kisicho na akiba kubwa iliyowekezwa hurudi kwenye kuomba kila mkuu mpya anapoingia, na si kila mkuu ni Johnnetta Cole.

Mwaka 2009 akahamia Washington. Makumbusho yale yana historia ya kipekee. Yalianzishwa mwaka 1964 na Warren Robbins, aliyekuwa mwanadiplomasia, katika nyumba aliyowahi kuishi Frederick Douglass, mtumwa aliyejikomboa akawa msemaji mkuu wa watu wake. Smithsonian iliyachukua mwaka 1979, na 1987 yakahamishiwa kwenye uwanja wa makumbusho ya taifa, katika jengo ambalo karibu lote liko chini ya ardhi. Juu unakuta banda la kuingilia kando ya bustani, halafu unashuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, hadi kwenye vinyago. Mtu anaweza kutembea uwanja mzima na asijue kwamba Afrika iko chini ya miguu yake.

Cole hakuwa mtaalamu wa historia ya sanaa, na kuna waliolisema hilo. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuwaita watu waje. Katika mwaka wake wa kwanza makumbusho yalipata sanamu kubwa ya Ousmane Sow wa Senegal, Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, akiwa na mwanamke mzee mtumwa. Ikaja kazi ya Yinka Shonibare, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria. Yakaja maonyesho juu ya nyota na anga katika sanaa za Afrika, mengine juu ya ardhi. Mwaka 2014 yakaletwa maonyesho ya sanaa za Sierra Leone na za Liberia, nchi ile aliyoishi akiwa mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu. Nje ya makumbusho yake alipigania jambo ambalo wakurugenzi wenzake hawakupenda kulisikia: nani anaajiriwa. Utafiti wa mfuko wa Mellon wa mwaka 2015 ulipoonyesha kwamba katika makumbusho ya sanaa ya Marekani asilimia 84 ya wanaochagua, kutunza, kuelimisha na kuongoza ni Wazungu, na Weusi ni asilimia 4 tu, wengi walishtuka. Yeye alikuwa akilisema siku zote.

Novemba 2014 kwa ajili ya miaka 50 ya makumbusho yalifunguliwa maonyesho yaliyoweka sanaa za Afrika na sanaa za Wamarekani Weusi ana kwa ana. Wazo ni zuri, nalitetea hadi leo. Upande wa Wamarekani Weusi kazi nyingi, takriban 60, zilitoka nyumba moja: mkusanyiko wa Bill na Camille Cosby. Camille alikuwa kwenye bodi ya ushauri ya makumbusho. Ni rafiki wa miaka mingi. Na ndio waliogharamia maonyesho, dola 716,000.

Wiki zilezile tuhuma za wanawake kwamba Bill Cosby aliwadhulumu kingono zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine. Julai 2015, ushahidi wake wa zamani mahakamani ulipowekwa wazi, Spelman ilivunja uprofesa uliokuwa na jina la familia hiyo na kurudisha fedha zake. Makumbusho hayakuyafunga maonyesho. Yaliweka kibao kinachosema kwamba maonyesho yanahusu kazi na wasanii, si wenye mali. Cole aliandika kwa umma kwamba tuhuma zile zilimuumiza, na kwamba angejua mapema asingeendelea na maonyesho. Yakabaki hadi Januari 2016. Cosby alitiwa hatiani mwaka 2018, na 2021 mahakama ya juu kabisa ya Pennsylvania ikaitengua hukumu hiyo.

Nimeisoma hoja yake mara nyingi kwa sababu natamani ingenitosha. Kweli, wachoraji wale hawakumkosea mtu, na wengi wao walingoja maisha yao yote kuangikwa Washington. Kuwaondoa ukutani kungekuwa kuwaadhibu wao. Lakini hata bila tuhuma moja, mtu mmoja hapaswi kuwa mwenye picha, mlipaji wa maonyesho na mshauri wa nyumba kwa wakati mmoja, kwa sababu mali inayoonyeshwa makumbusho ya taifa hupanda hadhi na bei. Urafiki ulioijenga Spelman ulifaa chuoni, ambako mtoaji anatoa na kuondoka. Makumbusho yana sheria nyingine, na naamini Cole, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa watu wake, hakuiona tofauti hiyo mapema.

Aliondoka Machi 2017. Mwaka uliofuata alishika urais wa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, lililoanzishwa na Mary McLeod Bethune mwaka 1935, akaliongoza hadi 2022. Machi 2023, Ikulu ya Marekani, Joe Biden alimvisha Nishani ya Taifa ya masomo ya utu na utamaduni. Alikuwa na miaka 86.

Kuna jambo la miaka yake ya Washington nimeliacha makusudi hadi hapa, kwa kuwa linatuhusu. Katikati ya uongozi wake makumbusho yalipokea dola milioni 1.8 kutoka Oman, kwa ajili ya mradi wa sanaa na utamaduni wa Oman na uhusiano wake na Afrika Mashariki. Hadithi yetu, basi. Jahazi, nakshi, milango, ushairi, undugu wa pande mbili za bahari.

Sina ugomvi na fedha hizo. Wapo ndugu zetu Muscat ambao Kiswahili ndicho wanachoamkia, na Seyyid Said aliihamishia Unguja makao yake kwa hiari yake. Lakini karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, enzi za Barghash. Mfadhili anapokuwa mmoja wa wahusika wa hadithi, msimulizi anabeba kazi ya ziada, na msomaji ana haki ya kuuliza imefanywaje. Mwaka 2018, Cole akiwa ameshaondoka, makumbusho yaleyale yalipokea maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili, yaliyotayarishwa na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois kwa vitu vilivyoazimwa kutoka pande mbalimbali, Kenya ikiwemo. Viti vya enzi, kanga, mbao za nakshi, picha za studio za mababu zetu.

Huku nyumbani mambo ni hayohayo. Jumba la Beit el-Ajaib, kule Unguja, lilianza kuporomoka mwaka 2012, likangoja fedha kwa miaka, na zilipokuja zilitoka Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ilianguka na watu wawili wakafa. Jengo lile lilikuwa makumbusho yetu, na bajeti zetu wenyewe hazikulifikia.

Kwa hiyo sitamwambia mkuu yeyote wa makumbusho wa Mombasa, Lamu au Unguja aache kuomba. Aombe kama alivyoomba Johnnetta Cole, bila haya, akiwa na mradi mkononi. Ila kwenye ukuta wa kuingilia, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, iandikwe nani ametoa, ametoa kiasi gani, vitu ni vya nani na nani amevichagua. Zile dola 716,000 za Washington watu walizijua kupitia waandishi wa habari, miezi minane baada ya milango kufunguliwa. Zilipaswa kuwa ukutani tangu siku ya kwanza.